Taasisi nyingi, moto mmoja: mwongozo kamili wa kuzima moto wa msituni bila kukanyagana

Kila kiangazi napokea ujumbe wa aina moja, kinachobadilika ni jina la kijiji tu. "Tulifika wote. Zimamoto walikuwepo, askari wa hifadhi walikuwepo, mgambo, wanafunzi, wananchi. Moto ukapita katikati yetu." Nikiuliza nani alikuwa anaongoza, napewa maelezo marefu. Swali hilo jibu lake ni jina la mtu mmoja. Likihitaji maelezo, ugonjwa tumeshauona.

Mwongozo huu ni wa watu wanaofika mwanzo: mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ofisa misitu, mkuu wa kituo cha askari wa hifadhi, kiongozi wa kikosi cha zimamoto. Mifano mingi naitoa Mlima Kilimanjaro, maana huko taasisi hukutana kwa wingi. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ulifuatwa juu kwa miguu na mamia ya watu wa ofisi na vijiji tofauti, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilitangaza kuwa uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 ukawaka mwingine jirani na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu ya bahari. Aliye Usambara au Sao Hill atafuata hatua hizihizi. Aliye Kenya aweke KFS (misitu) na KWS (wanyamapori) mahali pa TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, na TANAPA.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Kaunta buku moja na kalamu tatu. Si utani, ndicho kifaa cha kwanza.
- Ramani moja kubwa iliyochapishwa, ikafunikwa nailoni, na nakala ndogo kwa kila kiongozi wa kikundi.
- Orodha ya namba za simu ya ukurasa mmoja, ikiwemo 114 ya Zimamoto. Kila nafasi iwe na majina mawili: mwenye kazi na msaidizi wake.
- Redio za mkononi na betri za akiba, filimbi, tochi za kichwani.
- Mapanga, majembe, reki, mashoka, na vipigio: mti mrefu wenye kipande cha mpira au gunia lililoloweshwa.
- Mabomba ya mgongoni. Yale ya kupulizia dawa ya kahawa yanafaa sana, ila yaoshwe mara tatu. Dawa iliyobaki ikikutana na joto, mvuke wake unaishia kifuani mwa mtu.
- Nguo za pamba za mikono mirefu na buti za ngozi. Fulana za poliesta, zile tunazogawiwa bure kila msimu wa uchaguzi, zibaki nyumbani: zinayeyuka na kugandia ngozini. Kandambili ndiyo kabisa.
- Maji, chumvi na sukari, chakula cha kushika mkononi, sanduku la huduma ya kwanza, na gari moja la majeruhi ambalo dereva wake haendi popote.
- Meza, turubai, na kitambaa au kizibao cha rangi ya kung'aa cha kamanda.

## Hatua ya 1: Amueni moto wa wapi ni wa nani

Kaeni kabla ya kiangazi. Kwa Kilimanjaro maana yake ni vikao viwili kwa mwaka, kimoja Juni, kingine Desemba, kabla ya ukame wa Januari na Februari. Ajenda ni moja tu: tuonyeshane kwenye ramani, moto ukiwaka hapa, kamanda ni nani?

Mgawanyo wa kawaida hauna ugumu. Ndani ya hifadhi ya taifa anaongoza TANAPA. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu ni wa TFS. Msitu wa kijiji na mashamba ni wa serikali ya kijiji, na moto ukisogelea nyumba, shule au zahanati, Zimamoto wanachukua uongozi wa upande huo. Juu yao zipo kamati za maafa kuanzia kijiji hadi taifa, zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022.

Hapo pa kamati ndipo watu wengi wanapoteleza. Kamati ya wilaya kazi yake ni kutafuta magari, mafuta, chakula, watu na ruhusa. Mkuu wa Wilaya haji kupanga mstari wa moto. Anakuja kufungua milango iliyofungwa. Akifika, kamanda ampe taarifa ya dakika tano mezani pamoja na orodha ya mahitaji, kisha arudi kwenye moto wake. Nimeona kikundi kizima kikiteremshwa kutoka mlimani kuja kupanga mstari wa mapokezi ya kiongozi. Moto haukungoja hotuba iishe.

Gumu ni moto unaovuka mpaka. Kubalianeni hivi: moto ukivuka au ukikaribia kuvuka, kamanda wa upande wa pili anakuja kukaa kwenye meza ileile. Wawili hao wanajadiliana, lakini amri inatoka moja na inasomwa na mdomo mmoja. Methali ya manahodha wengi sote tunaijua, ila tukifika kwenye moshi kila mtu ni nahodha.

Onyo. Usiite kikao cha ushirikiano huku kuna ugomvi mlioufunika. Kando ya Kilimanjaro upo ukanda wa nusu maili, ambako akina mama walizoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, na ambao sasa uko ndani ya mipaka ya hifadhi. Mama aliyenyang'anywa panga Jumatatu haitiki filimbi Alhamisi. Zungumzeni hilo kwanza, hata kama litakula kikao kizima. Bila vijiji hakuna moto unaozimwa mlimani, maana wao ndio walio karibu na ndio wanaojua njia.

Utajua umefanikiwa: chagua watu watatu wa ofisi tofauti, wapigie simu saa tatu usiku, uwaulize, "Moto ukiwaka juu ya mfereji wa pili, nani kamanda?" Wote wataje jina lilelile.

## Hatua ya 2: Ramani moja, majina mamoja

Wazee wa kijiji wana jina la bonde, askari wana namba ya kituo, wapagazi wana jina la kambi. Mahali ni palepale. Siku ya moto kila mmoja anataja lake, na vikundi viwili vinakwenda mabonde mawili. Kwenye kikao cha Hatua ya 1 andikeni majina yote kwenye ramani, halafu mchague moja la kutumia redioni. Kwa kawaida nachagua la wenyeji, maana ndilo lenye watu wengi wa kulielewa.

Wekeni alama za vitu hivi: vyanzo vya maji visivyokauka, njia ambazo gari linapita, njia za miguu, barabara za kuzuia moto, mizinga ya nyuki, nyumba za mwisho kabla ya msitu, na sehemu ambazo simu inashika.

Sasa jambo dogo linalogharimu sana. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mahali zinazoonyeshwa na simu ukazipima kwenye ramani ya zamani bila kubadili mfumo, unakosea kwa takribani mita 300. Kwenye mteremko wenye makorongo, mita 300 ni bonde jingine. Kubalianeni mfumo mmoja na namna moja ya kusoma namba, muiandike kwenye kona ya ramani kwa herufi kubwa.

Huduma ya FIRMS ya NASA, inayoonyesha alama za moto kutoka setilaiti bila malipo, itumieni lakini msiiabudu. Taarifa yake huchukua hadi saa tatu hivi kufika, wingu linaificha, na alama moja inaweza kuwakilisha eneo la mita 375 kwa 375. Inakwambia moto uko upande gani. Haikwambii mguu wako uukanyage wapi.

## Hatua ya 3: Mlolongo wa taarifa

Anayeona moshi anampigia mtu mmoja, naye anajua wawili wa kuwapigia, na kila mmoja wao ana wawili wake. Ndani ya dakika 15 kila ofisi ina habari. Kundi la WhatsApp liwepo, lakini ni la picha na kumbukumbu. Halipandishi watu mlimani. Nusu ya wanaohitajika wamelinyamazisha kwa sababu ya salamu za asubuhi.

Taarifa ya kwanza iwe na mambo sita: mahali, muda ulipoonekana, kinachoungua (nyasi, vichaka, miti), upepo unaelekea wapi, kuna watu au nyumba karibu, na jina la mtoa taarifa. "Moto mkubwa sana" si taarifa.

Kwenye redio chagueni chaneli moja ya pamoja, na mfanye majaribio ya sauti mkiwa msituni. Mwaka mmoja nilisimama kwenye geti la msitu nikahesabu magari tisa ya ofisi tano. Redio zilikuwa sita. Zilizosikilizana ni mbili, nazo zote za ofisi moja. Kijana wa bodaboda ndiye aliyebeba amri kutwa nzima, kwenye vipande vya karatasi alivyovikunja soksini. Ikiwa redio zenu haziwezi kuingiliana, kila ofisi itoe mtu wake na redio yake, wakae wote kwenye meza ya kamanda. Wakigeuziana shingo tu, ujumbe umefika.

## Hatua ya 4: Meza kwanza, moto baadaye

Kamanda wa zoezi anapofika havai buti aende kupiga moto. Anaweka meza mahali gari linafika, moshi haufiki, na kuna njia mbili za kutoka. Anavaa kizibao cha rangi. Anaweka kaunta buku.

Sheria ni moja na haina mkubwa: hakuna anayepanda bila kuandikwa. Jina, ofisi au kijiji, namba ya simu, kikundi, saa ya kupanda. Akishuka, saa ya kushuka.

Watu hunung'unika hapa. "Moto unaungua, nyie mnaandika!" Waache wanung'unike. Jioni moja daftari letu lilionyesha waliopanda 61, walioshuka 58. Tukarudi gizani, saa mbili za kuita majina kwenye korongo lenye magogo yanayoanguka. Wale watatu walikuwa wameteremkia njia ya nyuma ya kijiji, tukawakuta kilabuni wanakunywa mbege. Tulicheka, lakini watu 20 walikuwa wamehatarisha maisha kwa sababu ya mistari mitatu isiyojazwa. Tangu siku ile anayeteremka njia nyingine anampigia mwandishi wa daftari kwanza, na kila kiongozi wa kikundi anahesabu watu wake kila baada ya saa moja.

Utajua umefanikiwa: mgeni akifika mezani, ndani ya dakika mbili amejua kamanda ni nani, yeye yuko kikundi gani na anafanya nini.

## Hatua ya 5: Changanya watu

Kosa la kawaida ni kuacha kila ofisi ibaki na watu wake. Matokeo yake zimamoto wana vifaa lakini hawajui njia, wanakijiji wanajua njia lakini hawana redio, wanafunzi wana nguvu lakini hawajui moto.

Kikundi kiwe cha watu watano hadi saba, chini ya kiongozi mmoja. Zaidi ya hapo macho ya kiongozi hayatoshi kwenye moshi. Ndani yake awepo mwenyeji anayejua mapito, aliyewahi kupambana na moto wa msitu, na mwenye redio. Viongozi wa vikundi nao wasizidi saba kwa msimamizi mmoja. Wakizidi, weka msimamizi wa pili na umgawie upande wake.

Askari wa jeshi, mgambo na wanafunzi wa vyuo wakija kwa mamia, wapokee kwa furaha lakini wasipande wote kwa pamoja. Theluthi moja wapande, theluthi wapumzike, theluthi wabebe maji na zana. Aliyetoka uwanda wa chini asipelekwe juu ya mita 3,000 siku hiyohiyo na kuambiwa apige moto. Maumivu ya kichwa, kutapika na kuyumba ni dalili za mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka.

## Hatua ya 6: Mambo matano kabla ya kugusa moto

Kila kiongozi ayaseme kwa sauti, na kikundi kiyarudie:

1. Mlinzi wetu ni nani, na anauona moto wote akiwa wapi?
2. Tunaanzia wapi? Pawe mahali moto hauwezi kutuzunguka: barabara, mto, mwamba, au eneo lililokwishaungua.
3. Tunawasiliana vipi, na filimbi tatu maana yake nini? (Maana yake: acha kila kitu, ondoka.)
4. Njia za kukimbilia ni zipi? Ziwe mbili.
5. Mahali salama ni wapi? Mara nyingi ni pale palipokwishaungua na kupoa.

Lipo jambo la mteremko ambalo limeshaua watu katika nchi nyingi. Moto hukimbia kupanda. Kwa kanuni ya wazimamoto, kila mteremko ukizidi kuwa mkali kwa nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo usisimame juu ya moto kwenye mteremko, hata uwe na zana gani, wala usipite kwenye korongo lililo juu yake. Korongo linavuta moto kama bomba la moshi.

## Hatua ya 7: Kazi yenyewe

Anzieni mkiani mwa moto, pale ulikotokea. Mpande ubavuni, pande mbili, hadi mkutane kichwani ukiwa umeshapungua nguvu. Mguu mmoja uwe karibu na pale palipoungua muda wote.

Mstari wa kuzuia moto usiwe wa kufyeka majani tu. Chimbeni hadi udongo mtupu. Kwenye vichaka vya erika juu ya mlima tabaka la mboji ni nene, na moto unatambaa chini yake bila kuonekana. Mstari ambao bado una mizizi na mboji ni daraja la moto.

Wakati mzuri ni alfajiri na asubuhi. Hewa ina unyevu na upepo wa mlimani bado unashuka. Jua likipanda, upepo unageuka na kupanda nao. Waliofika saa saba mchana wamefika saa mbaya kuliko zote, kwa hiyo wapeni kazi ya mstari wa mbali.

Onyo kubwa. Moto wa kukabili, yaani kuwasha moto mwingine ili ukutane na ule unaokuja, unaruhusiwa na kamanda peke yake. Kabla haujawashwa, redio zote zitangaze na kila kikundi kijibu kwa jina. Kijiji kimoja kikiwasha chake kwa nia njema, kinaweza kuwafungia njia wenzao walio bondeni.

Helikopta ikija kumwaga maji, watu wote waondoke chini ya mstari wake. Maji mengi yakishuka kutoka juu yanavunja matawi na kuporomosha mawe. Droni zote zishuke, hata ya mwandishi wa habari na hata ya ofisi. Na kadiri mwinuko unavyoongezeka hewa inakuwa nyepesi, helikopta inabeba maji kidogo zaidi. Msikae mkiingoja kama mvua.

## Hatua ya 8: Tumbo na zamu

Sehemu hii haipewi hadhi, nayo ndiyo huvunja mazoezi mengi siku ya pili. Mtu anayepiga moto anahitaji lita moja ya maji kwa saa au karibu na hapo. Watu 60 kwa saa sita ni lita 360, na kwenye njia za miguu zinabebwa mgongoni. Mpe mtu mmoja kazi ya chakula na maji tu, naye awe na mamlaka ya kuchukua wabebaji. Wapagazi wa mlimani hakuna anayewafikia kwa hili.

Zamu isizidi saa 12, na kabla ya kubadilishana kiongozi anayeondoka atembee mstari pamoja na anayeingia. Usikabidhi kwa simu. Usiku wa huko juu unakaribia kuganda, kwa hiyo aliyelowa jasho asipewe zamu ya ulinzi bila nguo kavu.

## Hatua ya 9: Moto haujazimika hadi mkono useme

Moshi ukiisha, wageni huondoka. Hapo ndipo kazi ya vijiji na askari wa hifadhi inapoanza. Pitieni ukingo wote wa eneo lililoungua, na muingie ndani yake angalau mita 20 hadi 30. Pitisha mgongo wa mkono juu ya majivu bila kugusa. Ukihisi joto, chimba, mwagia maji, koroga, chimba tena. Magogo yaliyo kwenye mteremko yageuzwe yalale kwa namna ambayo hayawezi kubingirika.

Wekeni ulinzi wa saa 48 bila moshi, na kwenye ardhi ya mboji nene zaidi ya hapo. Kamanda aandike daftarini: nimekabidhi eneo hili kwa fulani, tarehe, saa, sahihi mbili. Bila sahihi mbili, moto ukifufuka kila ofisi itasema ulikuwa wa jirani.

## Hatua ya 10: Kikao cha baada ya moto

Kiwe ndani ya siku saba, kwenye ofisi ya kijiji na si hotelini. Msianze na nani aliwasha. Hilo ni la polisi, na mkianza nalo warina asali na wachunga ng'ombe wote watakuwa kimya, nao ndio wanaojua moto ulivyotembea usiku wa kwanza. Ulizeni: taarifa ilichukua dakika ngapi kufika? Redio gani haikusikika, ukiwa wapi? Nani alikaa bila kazi, nani alifanya kazi ya wawili?

Kisha lipeni madeni. Panga lililovunjika, bomba la kahawa lililotoboka, mafuta ya bodaboda, magunia. Yaorodheshwe, na ofisi iliyobeba uongozi irudishe kitu kwa kitu. Usirudishe barua ya shukrani. Mzee aliyetoa jembe lake akalikosa msimu wa kupanda atakuwa na jambo la kufanya moto ujao.

Mwisho, andika tarehe ya kikao kijacho kwenye jalada la kaunta buku na umpelekee mtendaji, likae ofisini kwake. Lisibaki kwenye gari la mtu.